Mlalamikaji Ameridhika

Mtendaji wa kata alinipa karatasi ile kwa sababu watu wanajua naandika. Si kwamba najua sana. Niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini kijijini kwetu, juu kidogo ya Lukozi, mtu akitaka barua ya kulalamikia mfereji au ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni, hunijia mimi. Tena nina tabia ya kuandika kila siku yaliyotokea: mvua ilinyesha saa ngapi, karoti zimeng'olewa shamba la nani, nani alikuja kwa nani. Wengine hunicheka kwa hilo. Wengine nikipita hushusha sauti.

"Kamati ya Bunge inakuja Lushoto," mtendaji aliniambia. "Inataka kusikia wananchi wanasemaje kuhusu mamlaka inayosimamia bima. Hiyo ni orodha ya malalamiko ya wilaya yetu, mamlaka wenyewe wameipeleka kwa waheshimiwa. Kawasomee wenzako."

Nilivyoelewa mimi, kampuni za bima zina mlinzi, na mlinzi huyo ni mamlaka. Kampuni ikikataa kumlipa mtu haki yake, mlinzi anatakiwa aibane na aiadhibu. Sasa Bunge lilikuwa linakuja kumwuliza mlinzi kama alikuwa macho. Kama nimeelewa vibaya, mwenye elimu anisahihishe.

Orodha haikuwa na majina. Ilikuwa na namba ya kila lalamiko na maneno machache pembeni. Namba ya dada yangu niliijua kwa kichwa, maana barua yake niliiandika mimi. Niliifuata kwa kidole mpaka nikaifikia. Pembeni yake paliandikwa: Limefungwa. Mlalamikaji ameridhika.

Nilisimama pale nje ya ofisi ya kata mpaka mtendaji akaniuliza kama naumwa.

Shemeji yangu, mume wa dada, aligongwa na Haisi ya abiria kwenye kona moja juu ya Soni, akitembea kwa miguu pembeni ya barabara. Hakufika hospitali. Gari lilikuwa na stika ya bima kwenye kioo, kila mtu aliiona, na polisi waliiandika. Tulipopeleka madai, kampuni ilituambia tusubiri. Tukasubiri. Baadaye wakawa hata simu hawapokei. Ndipo nikaandika barua kwa mamlaka. Dada alikuwa ameachiwa watoto watatu na shamba la kabichi lenye mteremko mkali, la kulimwa na mwanamume mwenye magoti mazima. Alichokuwa anakitafuta ni fidia ya mumewe, basi. Hakuwa na jambo jingine la kutegemea.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta ugani anachambua maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama umetafuna ndulele?"

Nikamsomea. Alinyanyua ungo akaupeta mara mbili, tatu, kisha akauweka chini.

"Nani ameridhika?"

"Mlalamikaji."

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Basi mimi mwenyewe sijaambiwa." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. "Mdogo wangu, mtu amekula hela yangu. Nitafutie ni nani. Wewe si una madaftari?"

Kuanzia hapo nikaanza kumshuku kila mtu. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu sikuwa hivyo kabla, au nadhani sikuwa hivyo.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa mwenye Haisi. Tunaswali naye msikiti mmoja. Siku ya mazishi alileta gunia la mchele na alilia kuliko sisi. Sasa nikajiuliza alikuwa analia nini. Ijumaa ile alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, akauliza hali ya dada, hali ya watoto, hali ya mama, mpaka nikaona ananichunguza. Lakini lazima niseme pia kwamba hata zamani alikuwa mtu wa kushika mkono muda mrefu.

Wa pili alikuwa mtendaji. Barua zote za serikali hupitia kwake. Nilianza kutazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. Kisha nikakumbuka mkewe anauza viatu gulioni Soni, nikaona haya.

Wa tatu, Mungu anisamehe, alikuwa dada mwenyewe. Jiko lake lilikuwa limeezuliwa nyasi na kupigwa bati jipya, na mimi sikuambiwa bati limetoka wapi. Nilizunguka nyuma ya jiko siku moja nikijifanya natafuta jembe, nikahesabu mabati. Akanikuta.

"Jembe liko juu ya paa?"

Nikashusha kidole nilichokuwa nahesabia. Akaniambia bati lilinunuliwa na kaka wa marehemu, yule aliye Kwamkoro kwenye chai, na kama sisadiki nipande basi nikamwulize. Sikupanda basi. Lakini nilimpigia simu. Ni kweli alinunua yeye. Dada hajui kwamba nilipiga, au sasa anajua, kwa kuwa nimeandika.

Ndipo iliponijia kufungua daftari za nyuma. Nilikuwa nimezikwepa, na sijui kwa nini nilizikwepa, labda ndani yangu nilijua. Nilitafuta siku aliyokuja afisa wa mamlaka.

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Alikuwa kijana mpole, amevaa shati la mikono mifupi kama mtu wa Tanga mjini, na baridi ya kwetu ilikuwa inamtetemesha. Alimwamkia mama yangu, aliyekuja kukaa na dada, shikamoo kwa kuinama kabisa, mama akampenda hapo hapo akampa chai. Alisema amekuja kumhoji mlalamikaji. Mama akamwambia haiwezekani. Dada alikuwa ndani ya eda. Kwetu mjane akiwa eda hatoki kuzungumza na mwanamume asiye ndugu yake, hata awe afisa, hata awe na gari la serikali. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Afisa hakubisha. Alisema anaheshimu mila na dini, ila ana karatasi moja tu inayohitaji dole gumba.

Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Mimi naruhusiwa kuingia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeichukua karatasi na kibweta cha wino, nikapita pazia.

Daftari langu la siku ile limeandika hivi, nanakili kama lilivyo: "Afisa wa bima amekuja. Amesoma karatasi mlangoni kwa sauti. Fuso ya kabichi ilikuwa barabarani inapiga honi, sikusikia yote. Dada ameuliza karatasi ya nini, nimemwambia ya kuonyesha kwamba wamefika. Ameweka dole. Karoti za jirani zimeoza."

Nilisoma mstari ule mara nyingi, maana huenda dole lile ndilo lililofunga lalamiko. Sikuandika kwamba afisa alisema ni ya kuonyesha wamefika. Niliandika kwamba mimi nilimwambia dada hivyo. Ile kabichi ilikuwa yangu, dereva alikuwa ametishia kuondoka, na mimi nilijibu jambo nisilolijua ili nitoke haraka.

Sasa je, afisa alitudanganya? Inawezekana. Inawezekana alijua wazi kwamba mtu aliye ndani hasikii, na kwamba mtu aliye mlangoni ana haraka, akasoma kwa kasi makusudi. Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini inawezekana pia alisoma neno kwa neno kama anavyotakiwa, na mpumbavu alikuwa mimi. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya hayo. Hilo ndilo lililonikosesha raha: sikuwa na mtu wa kumshika shati isipokuwa mimi, na bado nilimshuku yeye.

Nilikwenda kwa dada mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza palikuwa na wageni. Mara ya pili hapakuwa na mgeni, na sikusema. Tulizungumza habari za mbolea.

Siku ya kikao tulifika Lushoto mapema. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa umejaa, viti vya plastiki vimepangwa mpaka mlangoni. Waheshimiwa walikaa mbele kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, na upande wao wa kulia walikaa watu wa mamlaka na makablasha yao. Yule kijana afisa alikuwemo, safari hii na koti zito. Alituona. Aliniinamia kichwa. Dada hakumtambua, maana hakuwahi kumwona uso.

Nyuma yetu alikaa mzee mmoja anayelima viazi na mke wa jirani yake.

"Hawa kazi yao kuuza stika," mzee alisema, si kwa kunong'ona. "Stika ya bima ni kama hirizi. Inakaa kwenye kioo, ajali inakuja vilevile."

"Babu, nyamaza, wanarekodi."

"Warekodi! Nitamke tena polepole?"

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, sauti yake ya chini, na hakuipandisha siku nzima. Akampa nafasi mkurugenzi wa mamlaka. Mkurugenzi alisema vizuri, Kiswahili safi. Alisema watumishi wao ni wachache na ofisi moja inahudumia mikoa kadhaa, na hilo naliandika kwa sababu naamini ni kweli. Kisha akasema malalamiko yote ya wilaya yetu yameshafungwa. Baadhi ya watu walipiga makofi.

Mbunge mmoja kijana akauliza, "Mkurugenzi, yamefungwa kwa kulipwa, au yamefungwa kwa watu kuchoka?"

Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi naye akatabasamu. Alisema kila lalamiko lina maelezo yake. Mbunge akaendelea: kampuni zinazokaidi mnazifanya nini? Akajibiwa huandikiwa barua ya onyo, na zikirudia hutozwa faini. Majina ya kampuni hizo yako wapi? Akajibiwa majina hayatangazwi, maana yakitangazwa soko litayumba.

"Soko la nani?" mzee wa viazi aliuliza kutoka nyuma.

"Mzee wangu, nafasi yako inakuja," mwenyekiti alisema.

"Inakuja kutoka Dar es Salaam, nitakuwa nimekufa."

Hata mwenyekiti alishindwa kujizuia, akainamisha kichwa akicheka.

Wananchi wakaanza kuitwa. Dada akanipiga kiwiko. Tulikuwa tumekubaliana nisimame mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi, niwaeleze kwamba tumefanyiwa hila. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa. Yalikuwa mazuri, yakieleza jinsi mjane alivyowekewa wino gizani nyuma ya pazia. Yangeamsha ukumbi mzima. Huenda yangetosha.

Nikasimama. Nikataja namba ya lalamiko. Nikasema mlalamikaji ni dada yangu, yuko hapa, na hajaridhika. Kisha nikafungua daftari badala ya ile karatasi niliyoiandaa, nikawasomea mstari wa siku ile, pamoja na honi ya Fuso na karoti zilizooza. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, afisa alisoma. Mimi sikusikiliza. Na dada alipouliza, nilimwambia kitu nisichokijua. Siwezi kusema afisa ni mwongo. Siwezi kusema si mwongo."

Nilisikia pumzi ya dada kando yangu. Sikumtazama.

Mkurugenzi alikuwa mwepesi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani umesikia mwenyewe. Afisa wetu alifuata utaratibu. Karatasi ilisomwa, dole likawekwa, ndugu wa familia ndiye aliyeipeleka."

Nyuma yetu mke wa jirani alisema, "Loo, kaka mtu amemuuza dada yake bure, hata soda hajapewa."

Mwenyekiti alivua miwani. "Nimesikia," alisema. "Nimesikia kwamba karatasi alisomewa kaka. Nataka kujua mlalamikaji alisomewa na nani."

Mkurugenzi akamgeukia afisa wake. Kijana akasimama. Alisema mlalamikaji alikuwa eda. Alisema aliogopa kuivunja eda ya mtu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli, na hata leo sijui.

"Hukuvunja, vizuri sana," mwenyekiti alisema. "Eda ina mwisho. Ulirudi ilipokwisha?"

Kijana aliangalia makablasha mezani.

"Ulimtuma afisa mwanamke?"

Kijana alimgeukia mkurugenzi.

"Hiyo karatasi iko wapi sasa?"

Iko makao makuu, mkurugenzi alijibu. Nakala yake je, familia ilipewa? Mkurugenzi alifungua kablasha moja, akalifunga, akafungua jingine. Mwenyekiti akamngoja. Hatimaye mkurugenzi akasema ataomba apewe muda wa kulifuatilia.

"Na hayo mengine yote yaliyofungwa," mbunge kijana akadakia, "wenyewe waliulizwa, au waliulizwa makaka?"

Hapo dada akasimama. Hakuitwa. Aliweka mtandio sawa, akasema kwa sauti ambayo nimeizoea shambani, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Mimi ndiye mlalamikaji. Sijui kusoma vizuri, ila masikio ninayo, na eda nilikaa nyumbani, sikukaa kaburini. Mtu angesimama nyuma ya pazia akanisomea, ningesikia. Sijaridhika. Aliyeandika nimeridhika aje aniulize mimi."

"Mama, imeandikwa," mwenyekiti alisema. Na kweli mwandishi wa kamati alikuwa anaandika, nilimwona. Akamwelekea mkurugenzi: lalamiko hili lisomeke halijafungwa, na lile neno la kuridhika lifutwe kwenye orodha mpaka mlalamikaji aulizwe yeye mwenyewe. Akataka pia kamati ipelekewe karatasi zote zilizotumika kufunga malalamiko ya wilaya, si orodha tu.

Tulitoka. Nje, jua lilikuwa limeshafika kwenye mibuni ya bustani za halmashauri, na mzee wa viazi alinipa mkono, akanisalimu kwa Kisambaa, akasema, "Onga mshi, mwandishi. Umejipiga ngumi mwenyewe, lakini imempata na mwingine." Nilitamani dada asikie. Alikuwa ametangulia.

Nilimfikia barabarani. Nikasema, "Dada, nilitaka kukwambia."

"Ulikuja mara mbili," alisema. "Mara ya pili ukanieleza habari ya mbolea. Nilishangaa, mbolea yenyewe huna."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila umenifanya nisikie mambo yangu pamoja na watu wa viazi."

Kwa muda mrefu hakukuwa na habari, nikarudi kwenye tabia yangu ya kushuku. Nilishuku kikao kizima kilikuwa cha kupiga picha. Nilishuku mkurugenzi alipofika Mombo, chini ya mlima, alishasahau. Nilishuku hata mwenyekiti, kwamba alikuwa mpole mno. Lakini barua ilikuja. Ilikuwa na jina la dada, si langu, ikimwita aje ofisi ya wilaya ahojiwe, na chini yake kulikuwa na jina la afisa mwanamke. Mtendaji aliileta mwenyewe kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Niliona haya tena.

Nikavaa shati safi nimsindikize. Mlangoni pa ofisi nikashika kitasa.

"Wewe kaa nje," dada alisema.

"Dada, mimi ndiye ninayesoma."

"Na yeye anasoma. Ndiyo kazi yake. Akinichosha nitamwambia arudie."

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Kupitia mlango nilisikia sauti ya mwanamke ikisoma, taratibu, kisha sauti ya dada ikisema, "Rudia hapo." Ikarudiwa. Maneno yenyewe sikuyapata. Nilijiambia nisogee karibu, nikajiambia nisisogee, na kusema kweli nilisogea kidogo, kisha nikarudi. Alikaa humo muda wa mtu kupika na kula. Alipotoka alikuwa amekunja karatasi mbili mkononi, nakala zake mwenyewe, amezishika kwa nguvu.

"Wamesemaje?"

"Kampuni wamepewa siku za kujibu. Wasipojibu, huyu dada amesema mamlaka yenyewe itawabana, na nikija tena nimwulize yeye." Aliangalia mlango nyuma yake. "Sijui kama ni kweli. Lakini nimemfanya aandike jina lake hapa chini."

"Na dole umeweka?"

"Nimeweka mwisho, baada ya kusomewa. Si kama siku ile."

Nikamwomba nizione karatasi, nizisome tu. Alizitia ndani ya mtandio.

"Nyumbani," alisema. "Mwanangu wa kike ndiye atakayesoma kwanza. Wewe utasoma baada yake."